Kupanda Manyoni Kufuata Mkopo

Ukitoka Dodoma kwenda magharibi, nchi inashuka taratibu mpaka Bahi, na baada ya Bahi inalala kabisa. Kulia na kushoto ni majaruba ya mpunga, migunga, na mibuyu iliyosimama mmoja mmoja. Mto Bubu, ambao kiangazi hubaki mchanga, huleta maji ya masika katika bonde hili, na ardhi nzito inayoyapokea ndiyo inayowapa watu wa huku mpunga wao. Mpaka wa mkoa unauvuka bila kuona tofauti yoyote ya nchi, na muda si mrefu uko Kintinku, kata ya Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Mbele yako, upande wa machweo, unasimama ukingo wa Bonde la Ufa, wa buluu asubuhi, wa kahawia jua likipanda. Juu ya ukingo huo ndiko Kilimatinde, na ndiko Manyoni, makao makuu ya wilaya. Watu wa Kintinku hupanda Manyoni kwa mambo ambayo bonde halina: mahakama ya wilaya, hospitali ya wilaya, na benki.

Nilishuka Kintinku mwezi Juni, mavuno yakiwa yamekolea, nikiwa na takwimu moja kichwani. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023, unaopima matumizi ya huduma za fedha nchini, ulionyesha kwamba asilimia 89 ya Watanzania wanaishi ndani ya kilomita 5 kutoka mahali pa kupata huduma rasmi ya fedha. Asilimia 76 ya watu wazima walikuwa wakizitumia huduma hizo, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Hayo ni mafanikio makubwa, na nayasema kwa moyo mweupe, maana nimeishi katika nchi ambamo mwalimu wa kijijini alikuwa akiacha darasa siku mbili kufuata mshahara wake wilayani. Lakini utafiti huohuo unasema waliokuwa wakitumia benki ni asilimia 22 tu. Nilitaka kuona kwa macho yangu kilichomo ndani ya kilomita 5 za Kintinku, na kisichomo.

Kilichomo ni miavuli. Kuanzia upande wa stesheni ya reli mpaka barabarani kuna vibanda vya mbao na miavuli ya kampuni za simu, myekundu na ya buluu, iliyopauka kwa jua la Singida. Chini ya kila mwavuli kuna meza, daftari lililokunjika pembe, simu ndogo za vitufe zilizofungwa pamoja kwa mpira, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isiondoke na mteja. Vibanda vingine vina pia mashine ya uwakala wa benki, ile ndogo inayotoa risiti. Nyuma yao mashine ya kukoboa inanguruma kutwa, vumbi la pumba linatua juu ya kila kitu, na mpunga umeanikwa juu ya maturubai hadi ukingoni mwa njia, kiasi kwamba bodaboda wanapita kwa kunyata. Malori ya wanunuzi yamepaki kivulini. Madalali wanatembea na fimbo ya chuma ya kuchomea gunia, wanatoa punje chache, wanazimenya kwa kucha, wanataja bei.

Nilikaa kwenye kibanda cha dada mmoja wakala karibu asubuhi nzima. Nilimsalimia "Mbukwenyi" kwa Kigogo changu cha kuazima, akaitikia, akanipa ndoo ya kukalia, akaendelea na kazi. Mteja wa kwanza niliyemwona alikuwa bibi aliyekuja na simu ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwanangu wa Dar amesema ametuma."

"Ngoja tuangalie. Imeingia, bibi. Elfu arobaini. Unatoa yote?"

"Nitolee kumi na tano. Nyingine ikae humo humo. Nikiwa nayo mkononi, wajukuu wanaiona."

Bibi yule alikuwa anaweka akiba. Hakuna fomu aliyojaza, wala hakuna aliyemfundisha, na pengine hakuna mpango wowote wa elimu ya fedha unaomhesabu. Alijua tu kwamba fedha isiyoonekana hudumu. Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, mamilioni ya watu wamefanya kama bibi huyu, na mimi sioni badiliko lingine la kizazi hiki lililogusa mifuko ya watu wa vijijini kwa kina hiki.

Ila kibanda kina mahangaiko yake, na msimu wa mpunga ndio unaoyafichua. Wakala ana vitu viwili vya kuuza: keshi na floti. Keshi ni noti zilizomo kwenye droo. Floti ni salio lililomo kwenye laini yake ya uwakala. Mtu akitoa, keshi inapungua na floti inaongezeka. Mtu akiweka, inakuwa kinyume chake. Siku ya kawaida viwili hivyo vinapishana na kusawazishana. Msimu wa mavuno haviko hivyo. Asubuhi wanakuja wanunuzi waliotumiwa fedha na matajiri wao wa Dodoma au Dar es Salaam, wanatoa milioni kwa milioni ili wakawalipe wakulima mkononi, kwa sababu mkulima aliyebeba gunia zake kichwani au kwa mkokoteni anataka noti aihesabu. Saa nne keshi imekwisha. Mchana wakulima haohao wanarudi na noti zilezile: huyu anatuma ada ya mtoto, yule analipa deni la pembejeo, mwingine anamrudishia shemeji yake. Saa tisa floti imekwisha. Nilishuhudia watu wakizunguka mwavuli hadi mwavuli wakiuliza, "Una floti?" na kuambiwa hapana, huku droo za mawakala zimejaa noti zisizoweza kufanya kazi.

Dawa yake iko Manyoni. Dada yule hufunga kibanda, anazitia noti kwenye mkoba wa kawaida chini ya khanga mbili na pakiti ya unga, anapanda gari kama mtu anayekwenda kusalimia ndugu, anakwenda kuzibadilisha kuwa floti benki au kwa wakala mkuu. Siku hiyo kibanda hakiingizi kamisheni. Njiani ana wasiwasi mpaka afike. "Mwenzangu mmoja alianza kumtuma kijana wa bodaboda," aliniambia, "mimi siwezi. Hela ikipotea, ni mtaji wangu wote na wa mume wangu."

Hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo ramani za huduma za fedha hazilionyeshi. Tunapenda kusema kwamba wakala amechukua nafasi ya tawi. Kintinku inaonyesha kwamba wakala analitegemea tawi kuliko mtu mwingine yeyote. Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, benki nyingi ziliona njia rahisi ya kufika vijijini bila kujenga, na zilifika kweli. Lakini mwendo wa kwenda tawini haukufutika. Ulihamishwa kutoka mgongoni mwa wateja wengi hadi mgongoni mwa dada mmoja mwenye mkoba chini ya khanga. Gharama yake, kwa nauli, kwa siku iliyopotea na kwa hofu, anaibeba yeye.

Nilimuuliza kama mtu anaweza kupata mkopo kwenye kibanda chake. Alicheka kidogo, kisha akajibu kwa uzito. "Wapo wanaokopa kwenye simu, hizi Songesha na nyinginezo. Elfu tano, elfu ishirini, ya kumalizia muamala. Mkopo wa kulimia hapana. Mimi namtolea mtu hela yake. Siwezi kumpa hela."

Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi tangu siku ile. Ndani ya kilomita 5 mtu wa Kintinku anaweza kupokea, kutuma, kulipa, na kutunza kidogo. Asichoweza kupata ni mtu mwenye mamlaka ya kumtazama, kusikiliza hesabu ya shamba lake, kuuliza kwa jirani, na kusema ndiyo au hapana. Mtu huyo anaitwa afisa mikopo, na ofisi yake iko juu ya ukingo.

Kukaa mbali na ofisi si jambo geni kwa bonde hili. Wajerumani waliweka ngome yao kule juu Kilimatinde, na misafara ikapita huko. Reli ya Kati ikabadilisha mambo: ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na katikati ya miaka hiyo miwili mataruma yake yalilazwa kupita hapa bondeni. Stesheni ikazaa soko. Lakini benki hazikufuata kila stesheni. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967 benki zilitaifishwa zikawa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ambayo kwa miaka zaidi ya ishirini ilikuwa ndiyo benki kwa Watanzania walio wengi, na tawi lake lilisimama mjini wilayani. Sheria ya mwaka 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, na mmojawapo wa watoto waliozaliwa ni NMB, iliyokabidhiwa mtandao wa matawi ya wilayani na kazi ya kuhudumia watu wa kipato kidogo. Kwa muda ule, kuendelea kuwapo kwa tawi wilayani kulikuwa ushindi, kwa sababu kulikuwa na hofu ya kweli kwamba benki zingebaki Dar es Salaam, Arusha na Mwanza peke yake.

Taasisi za mikopo midogo zilizokuja na sifa za kuwafuata maskini zilianzia mijini nazo: PRIDE ilianzia Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990, FINCA ilianza Mwanza mwaka 1998, BRAC ikaingia nchini mwaka 2006. Sizilaumu kwa hilo. Sababu yake utaiona vizuri ukirudi Dodoma na kukaa na kikundi cha akina mama wa Chang'ombe au Nkuhungu siku ya marejesho. Afisa mikopo anafika kwa bodaboda saa mbili asubuhi, anakusanya kwa kikundi cha kwanza, saa tatu na nusu yuko mtaa wa pili, saa tano mtaa wa tatu. Wateja wake wa wiki nzima wanaishi katika eneo ambalo angeweza kulizunguka kwa miguu. Mafuta ya pikipiki na mshahara wake vinagawanyika kwa mamia ya mikopo. Ndiyo maana katikati ya jiji la Dodoma, hasa tangu serikali ilipohamia, mabango ya benki na ya wakopeshaji yanafuatana mtaa kwa mtaa, na mwaka 2025 Benki ya Ushirika Tanzania nayo ilizinduliwa hukohuko. Mlete afisa huyohuyo Kintinku, kisha Lusilile, kisha Maweni, kisha Chikuyu, na siku yake imekwisha njiani akiwa na vikundi viwili tu kwenye daftari. Riba ya mkopo mdogo hailipi safari hiyo. Hesabu ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli, kuwahimiza wakopeshaji wafike vijijini kwa hotuba hakutoshi.

Hata hivyo, mijini nako ukaribu una mitego. Nimewahi kukopa mimi mwenyewe, katika mji mmoja ambao ofisi ya mkopeshaji ilikuwa hatua chache kutoka nilipoishi, na nikatambua mkataba ulikuwa na ada ambazo hazikusomwa mezani. Ukaribu ule haukunisaidia chochote. Sitaki kusema, kwa hiyo, kwamba Kintinku ikipata tawi matatizo yake yamekwisha.

Nilipouliza wakulima wanakopa wapi basi, waliniambia nisubiri Ijumaa.

Ijumaa mchana, chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba ya mjumbe, kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kilikaa. Wanachama ni wanawake kwa wingi, wanaume wachache, wamekaa kwenye mikeka na vigoda kwa mpangilio wa namba zao. Katikati kuna sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi. Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua, katibu akaita mahudhurio. Waliochelewa walilipa faini bila ubishi. Kisha wenye funguo wakaitwa mmoja mmoja, kufuli zikafunguka, mfuko wa jamii ukahesabiwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma akumbuke kiasi kilichokuwamo kikao kilichopita. Baada ya hapo zikaja hisa. Mwanachama anaruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kwa kikao, na kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Mama mmoja alinunua moja tu, akiwa ameishika noti yake kwa vidole viwili. Hakuna aliyemtazama vibaya.

Mfumo huu una ukoo mrefu. Ulikuzwa Niger mwanzoni mwa miaka ya 1990 na shirika la CARE pamoja na wanawake wa vijijini, ukaletwa kwetu miaka kumi hivi baadaye, ukaenea Zanzibar na bara kwa majina mbalimbali, VICOBA likiwa ndilo maarufu zaidi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Novemba 2019, iliuingiza ndani ya nyumba ya serikali. Sheria hiyo inagawa watoa huduma katika madaraja manne: benki zinazopokea amana za wananchi, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama hiki. Kikundi kinajisajili kupitia halmashauri. Katibu wa kikoba alinionyesha cheti chao kilichotiwa kwenye nailoni ngumu, na alikishika kwa fahari. Nilimwelewa. Cheti kile kinasema kwamba watu hawa, waliokaa kwenye mikeka, ni taasisi ya fedha ya Jamhuri ya Muungano.

Na ni taasisi iliyofanya kazi mbele ya macho yangu. Baba mmoja aliomba mkopo wa kulipia vibarua wa kuvuna. Maswali aliyoulizwa hayangeweza kuulizwa na afisa yeyote kutoka mjini. Jaruba lako la chini maji yaliingia au hayakuingia? Wale ndege waharibifu walikula kiasi gani? Deni la mwaka jana la trekta umelimaliza? Mzee mmoja alisema amelipita shamba lile juzi, mpunga umejaa vizuri. Mkopo ukapita ndani ya dakika chache, noti zikahesabiwa, akaweka dole gumba.

Udhaifu wa kikoba uko kwenye ukubwa wa sanduku na kwenye tarehe. Wanachama wote ni wakulima wa mpunga, mtama na alizeti. Mwezi wa fedha ni mmoja kwa wote, na mwezi wa njaa ni mmoja kwa wote. Desemba hadi Machi, wakati wa kulima, kupanda na kupalilia, kila mtu anataka kukopa na hakuna mwenye cha kununulia hisa. Sanduku linakuwa tupu wakati linapohitajika kuliko wakati wowote. Fedha ya nje, inayotoka mahali ambapo mvua na msimu ni tofauti, ndiyo kazi hasa ya benki. Na ndiyo inayokosekana hapa.

Kwa nini basi mtu asipande Manyoni mwezi Desemba? Wapo wanaopanda. Mama mmoja wa kikoba alinieleza safari yake. Mara ya kwanza aliambiwa alete barua ya mtendaji na picha. Mara ya pili namba yake ya NIDA haikukubali kwenye mashine, alama za vidole zimefutika kwa jembe. Mara ya tatu akaambiwa shamba lisilo na hati si dhamana, lakini anaweza kuungana na wenzake wakadhaminiana, marejesho kila wiki. Nauli ya safari zote hizo ilitoka kwenye kuku.

Marejesho ya kila wiki ndiyo yaliyomrudisha nyumbani. Tuhesabu pamoja. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa daraja la pili kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopo wa shilingi 500,000 kwa miezi sita, riba hiyo ikihesabiwa kwa mkopo mzima, unafikisha deni la shilingi 605,000. Gawa kwa wiki 24: unapata zaidi kidogo ya shilingi 25,000 kila wiki. Mama mwenye genge Dodoma anaweza kuitoa, kwa sababu anauza kila siku. Mkulima wa Kintinku aliyekopa Desemba atadaiwa shilingi 25,000 Januari, wakati mpunga ni kijani. Februari, wakati anapalilia na kula mlo mmoja. Machi, wakati anafukuza ndege. Fedha yake yote iko Juni. Mkopo huo ulitengenezwa kwa ajili ya biashara ya mjini, ukapelekwa shambani na ratiba yake ileile. Kwangu mimi hili ndilo kosa kubwa kuliko umbali, na linarekebishika kwa kalamu: mkopo wa mpunga ulipwe baada ya mpunga.

Kwa kuwa mkopo wa namna hiyo haupo, watu wanauza mpunga ungali shambani. Mwezi Januari au Februari mwenye fedha anapita nyumba kwa nyumba, anampa mkulima bei ya gunia la wakati huo wa shida, na Juni anakuja kulichukua gunia lake, bei ikiwa imeshapanda au haijapanda, hasara yoyote si yake. Niliambiwa na mzee mmoja kwamba bei ya shambani ni karibu nusu ya ile ambayo angepata akisubiri. Hesabu hiyo ni riba, ingawa haijaandikwa popote, na hakuna mkopeshaji mwenye leseni ambaye angeruhusiwa kuitoza. Siku ya kwanza nilikuwa nimeona wanaume wakipakia magunia bila kupatana bei, bila mzani, bila maneno: walikuwa wanachukua walichonunua miezi mitano nyuma. Niliwadhania vibarua. Wenye mpunga walikuwa wamesimama pembeni wakitazama.

Wengine wanakimbilia kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kali. Mijini wakopeshaji hao wanachukua kadi ya benki, friji, godoro. Huku wanachukua simu na baiskeli. Na sasa wanafika bila kusafiri, kupitia programu za simu ambazo mtu akizipakua zinaingia kwenye orodha ya majina yake, na akichelewa kulipa zinawatumia ndugu zake na mchungaji wake ujumbe wa kumdhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Ilikuwa hatua njema na ilistahili kuja mapema zaidi. Kijana mmoja wa bodaboda pale Kintinku alinionyesha ujumbe aliotumiwa mama yake mzazi juu ya deni la shilingi 30,000. Sitaurudia hapa. Alikuwa na haya kunionyesha, lakini alitaka mtu auone.

Mlango mwingine ni mikopo ya halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Aprili 2023 serikali iliisitisha baada ya kubainika fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni hewa, na mwaka 2024 ikafunguliwa upya kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipitishia benki. Kikoba cha mwarobaini kiliwahi kuandika ombi. Lilikuwa bado kwenye faili wakati wa usitishwaji. Mwaka ule walilima kwa kuuza mpunga shambani.

Baada ya hisa na mikopo, kikao kilifika kwenye ajenda iliyowakalisha muda mrefu kuliko zote: tarehe ya kuvunja kikoba. Kwa desturi wanavunja Julai, wanagawana, kila mmoja anaondoka na chake, na mwezi huohuo kunakuwa na harusi, mabati na baiskeli mpya. Desemba inawakuta mikono mitupu. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ndogo inayolazimisha watu wanyamaze, alileta pendekezo: nusu igawanywe Julai, nusu ibaki mpaka wiki ya kwanza ya Desemba, itoke kama mkopo wa mbegu na trekta, irejeshwe Juni kwa mara moja.

"Mama mwenyekiti, hiyo nusu italala wapi?" aliuliza kijana mmoja. "Sanduku likiwa na hela nyingi, tutaibiwa. Tukiipeleka Manyoni, kuitoa mpaka wenye saini watatu wapande."

"Iko ile akaunti ya kikundi kwenye simu," alijibu katibu. "Anayetoa lazima wenzake wathibitishe."

"Na siku hiyo dada wa wakala asipokuwa na keshi?"

Watu wakageuka. Dada wa wakala alikuwa mwanachama namba kumi na tisa, amekaa mkekani na mtoto mapajani. Alifikiri kabla ya kujibu. Akasema wakimwambia wiki mbili mapema, atapanda Manyoni kuifuata keshi hiyo kidogo kidogo, lakini kikundi kimlipie nauli, na mtu mmoja mwanamume amsindikize. Walibishana juu ya nauli. Walibishana zaidi juu ya msindikizaji, kila jina likipingwa na mtu. Hatimaye walipiga kura kwa mikono: nusu Julai, nusu Desemba, nauli itoke mfuko wa jamii, na wasindikizaji wawe wawili kwa zamu. Waliopinga waliomba majina yao yaandikwe, yakaandikwa. Kisha mwenyekiti akauliza nani ana namba ya mwenye trekta wa Chikuyu, maana bei ya kulima ekari inapatana mapema, na watatu wakatoa simu zao kwa pamoja.